Kampuni za vyakula zinaahidi mayai ya kuku wasiofungiwa vizimbani: je, mfugaji anapewa mkataba au anapewa tangazo tu?

Banda la Kisarawe (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Kwa miaka ya karibuni vizimba vya waya vya kufugia kuku wa mayai vimeenea katika mabanda mengi ya Kenya na Tanzania, na ukipita kwenye maonyesho ya kilimo au ukifungua kurasa za wauzaji wa vifaa vya mifugo utakuta ndivyo vinavyonadiwa kuwa ufugaji wa kisasa. Wakati huohuo, kampuni kubwa za vyakula na hoteli duniani zimekuwa zikitangaza, moja baada ya nyingine, kwamba haziyataki tena mayai ya vizimba hivyo. Kijana anayekopa leo ili anunue vizimba anastahili kulijua jambo hili kabla hajaweka sahihi, na ndiyo sababu nimeamua kulileta hapa kwa urefu.

Nianze na kisa ninachokiona kuwa na mafunzo mengi kuliko vyote, cha McDonald's nchini Marekani. Tarehe 9 Septemba 2015 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ndani ya miaka 10 migahawa yake ya Marekani na Kanada itatumia mayai ya kuku wasiofungiwa vizimbani peke yake. Wakati huo migahawa ya Marekani pekee ilikuwa ikitumia takriban mayai bilioni 2 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ilieleza kwamba upande wa Marekani kazi hiyo ilikuwa imekamilika mwishoni mwa 2023, yaani miaka miwili kabla ya muda iliojiwekea.

Uamuzi ule ulikuwa na historia nyuma yake. Mwaka 2011 shirika la Mercy for Animals lilitoa picha za video zilizorekodiwa kwa siri katika mashamba ya Sparboe, mmoja wa wauzaji wa mayai yaliyokuwa yakiishia McDonald's, na kampuni ikaacha kununua kutoka kwake mwezi uleule picha zilipotoka. Pia McDonald's ilikuwa imeshiriki, pamoja na Cargill, kampuni kubwa ya Marekani ya biashara ya vyakula na mazao, na watafiti wa vyuo vikuu vya Michigan State na California, Davis, katika utafiti uliolinganisha vizimba vya kawaida, vizimba vikubwa vilivyoboreshwa, na mabanda ya ghorofa ambamo kuku hutembea watakavyo. Matokeo yake ya mwisho yalitoka mwaka 2015 na hayakuwa ya kumpendeza kila mtu. Gharama ya kuzalisha dazeni moja ya mayai katika banda la ghorofa ilikuwa juu kwa asilimia 36 kuliko ya vizimba vya kawaida, vumbi na hewa ya amonia vilikuwa vingi zaidi, na vifo vya kuku vilikuwa zaidi ya maradufu. Kampuni iliyajua yote hayo, na bado ikaamua kuhama.

Kilichofanya ahadi ile itimie, kwa maoni yangu, ni namna McDonald's inavyonunua mayai. Hainunui sokoni trei kwa trei. Inafanya kazi na wauzaji wachache, kwa makubaliano ya muda mrefu, kiasi kwamba mfugaji anayejenga banda jipya anajua mayai yake yatakwenda wapi kabla hajachimba msingi, na benki inayomkopesha inajua hivyo pia. Linganisha na Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, ambayo Aprili 2016 ilitangaza lengo la kufikia asilimia 100 ya mayai yasiyo ya vizimba ifikapo 2025, lakini ikaambatanisha maneno kwamba lengo hilo litategemea upatikanaji, bei na mahitaji ya wateja. Minyororo mingi ya maduka ya vyakula ya Marekani ilitoa ahadi za namna hiyo mwaka ule. Wafugaji waliitazama ahadi, wakauliza mkataba uko wapi, na wengi wao wakasubiri. Mwaka 2024 kuku wasiofungiwa vizimbani walikuwa takriban asilimia 40 ya kuku wa mayai wa nchi nzima. Ni hatua kubwa sana ukikumbuka kwamba muongo mmoja kabla walikuwa sehemu ndogo mno, lakini ni pungufu kwa mbali kuliko jumla ya yote yaliyoahidiwa.

Hoja yangu ni kwamba ahadi ya kampuni isiyo na mkataba wa kununua inamhamishia mfugaji gharama na hatari yote, huku sifa ikibaki kwa kampuni. Na hapa kwetu hoja hiyo ina uzito wa ziada, kwa sababu wafugaji wengi wadogo wanaofuga kuku sakafuni juu ya maranda tayari wanazalisha mayai ya aina ambayo kampuni hizo zinadai kuyatafuta, ila hakuna aliyewafuata wala kuwaambia.

Karibuni tujadili.

Hesabu Kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi uliosimama juu ya takwimu, lakini naomba nipinge.

Wewe mwenyewe umetaja gharama kupanda kwa asilimia 36. Nchi zetu bado zina watoto ambao yai kwao ni chakula cha siku maalumu. Kizimba kinaokoa nafasi, kinapunguza upotevu wa chakula, na kinamtenga kuku na kinyesi chake, jambo ambalo kila aliyewahi kupoteza kundi kwa kuhara damu analithamini. Yai linabingirika lenyewe hadi mbele, safi, halijakanyagwa. Sioni kwa nini tuige masharti ya mataifa ambayo yalijitajirisha kwa vizimba kwa miaka mingi kisha ndiyo yakaanza kuwahurumia kuku.

DaktariMifugo

Ndugu Hesabu Kwanza, hoja ya kuhara damu ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Vimelea vya ugonjwa ule hukomaa kwenye maranda yenye unyevu, hivyo kuku wa waya huepuka sehemu kubwa ya tatizo. Lakini naomba tutazame kwa karibu kinachompata kuku ndani ya kizimba, maana wengi tumeviona vizimba kwenye matangazo, vikiwa vipya na vitupu.

Mwongozo wa chama cha wazalishaji wa mayai cha Marekani uliweka kiwango cha chini cha inchi 67 za mraba kwa kuku mmoja wa kizimbani, yaani kama sentimita 432 za mraba. Karatasi ya kawaida ya A4 ina sentimita za mraba takriban 624. Kwa hiyo kuku anaishi maisha yake yote ya kutaga juu ya eneo lililo karibu theluthi mbili ya karatasi hiyo, pamoja na wenzake kadhaa, juu ya waya unaoinama ili yai libingirike. Hawezi kunyoosha mbawa zote mbili. Kucha zake hazipati mahali pa kuparua, kwa hiyo hurefuka na wakati mwingine hunasa kwenye waya.

Mtazameni hasa katika saa ya mwisho kabla ya kutaga. Kuku aliye sakafuni huacha kula, hukagua kiota hiki na kile, huingia, huzunguka, huparua, kisha hutulia. Yule wa kizimbani hufanya mwendo uleule bila kiota: anasukuma wenzake, anaingiza kichwa chini yao, anarudi nyuma, anasimama, anaanza tena, mpaka yai litoke. Msukumo huo hautokani na mazoea. Amezaliwa nao, hata kama hajawahi kuona kiota maishani mwake. Mimi nikishaliona hilo siwezi kukubali kwamba suala lote ni usafi wa ganda.

Mwaka 1965 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Brambell ilisema mnyama wa kufugwa anapaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Kizimba cha kawaida kinashindwa kutimiza hata sharti hilo la mwisho.

Kuhusu vifo, utafiti alioutaja mleta mada haukuwa neno la mwisho. Mwaka 2021 ulitoka uchambuzi mpana uliokusanya takwimu za makundi 6,040 ya kuku kutoka nchi 16, ukaonyesha kwamba vifo katika mabanda yasiyo na vizimba hupungua kadiri wafugaji wanavyopata uzoefu, hadi tofauti na vizimba inakaribia kutoweka. Kinachoua ni ugeni wa mfumo kwa anayeusimamia.

Sisemi kwamba banda lisilo na vizimba halina shida zake. Kuku wanaoruka kutoka ghorofa hadi ghorofa huvunjika mfupa wa kidari, na hilo hutokea kwa wingi. Hudonoana. Wakishtuka hurundikana pembeni na wa chini wanakosa hewa. Upande wa pili, kuku wa kizimbani hudhoofika mifupa kwa kukosa mazoezi na huvunjika mbawa na miguu siku ya kutolewa. Yote haya ni matatizo, ila la kwanza linatibika kwa usimamizi, kwa kupanga fito vizuri na kwa kuchagua mbegu, ilhali la pili limejengwa ndani ya kizimba chenyewe.

Banda la Kisarawe (mleta mada)

Daktari, nashukuru sana kwa ufafanuzi.

Ndugu Hesabu Kwanza, naomba nijibu suala la bei kwa kutofautisha wanunuzi wawili. Mama anayenunua mayai gengeni anabeba ongezeko lote la bei yeye mwenyewe, na kwake shilingi chache kwa kila yai ni nyingi. Sitetei popote kwamba abebeshwe mzigo huo. Mgahawa unaouza kifungua kinywa, kiwanda cha mayonesi au hoteli ya kitalii ni mnunuzi wa namna nyingine kabisa, kwa sababu yai ni sehemu ndogo ya bei ya kile anachouza, na isitoshe ndiye aliyetoa ahadi kwa hiari yake. Ndiyo maana naona mabadiliko yaanzie kwenye manunuzi ya kampuni, na gharama ibaki hukohuko kwa kampuni, ikiwa imeandikwa kwenye bei ya mkataba.

Kuhusu kuiga, nakubaliana nawe kwamba hatupaswi kupokea masharti ya watu bila kuyapima. Lakini tazama mwelekeo. Uswisi iliachana na vizimba vya kawaida mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake mwaka 1999 na kuwapa wafugaji hadi tarehe 1 Januari 2012 kuviondoa, ingawa uliruhusu vizimba vilivyoboreshwa vyenye sentimita 750 za mraba kwa kila kuku, kiota na fito. Austria imekwenda mbali zaidi na kuvikataza hata hivyo vilivyoboreshwa tangu 2020. Wapiga kura wa California walipitisha mwaka 2018 sheria inayokataza kuuza katika jimbo hilo mayai ya kuku wa vizimbani, hata yakiwa yamezalishwa jimbo jingine. Vizimba vinavyopoteza soko huko havikomi kutengenezwa. Vinatafuta wanunuzi wapya, na wanunuzi hao ni sisi. Mimi hilo linanikera, kwa sababu tunauziwa kama maendeleo kitu ambacho wengine wanalipa fedha kukiondoa.

Mnunuzi wa Unguja

Nimefanya kazi ya manunuzi katika hoteli za ukanda wa pwani, kwa hiyo niongeze yale ninayoyajua kwa karibu.

Kampuni kadhaa kubwa za hoteli zimetoa ahadi za dunia nzima. Marriott na Accor zote zilitaja mwaka 2025 kuwa ukomo wa kuachana na mayai ya vizimba. Yum!, inayomiliki jina la KFC, ilitangaza mwaka 2021 kwamba masoko yake makuu yatakamilisha ifikapo 2026 na yaliyobaki duniani ifikapo 2030. Kwa maandishi, sisi tumo ndani ya ahadi hizo.

Kwa vitendo, mambo huwa hivi. Hoteli niliyoifanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilileta waraka kutoka makao makuu ukitutaka tuandike asilimia ya mayai yasiyo ya vizimba. Mayai yetu yalikuwa yakiletwa na mchuuzi mmoja kwa gari dogo, trei zimefungwa kwa kamba. Nilipomuuliza yametoka banda gani, alitaja mabanda matatu tofauti, na trei moja ilikuwa na mayai ya rangi na ukubwa tofauti yaliyochanganywa ili ijae. Huenda yote yalitoka kwa kuku wa sakafuni. Huenda hata moja halikutoka huko. Hakuna ambaye angeweza kuthibitisha, na waraka haukutoa fedha wala mtu wa kwenda kukagua. Mwishowe fomu ilijazwa kwa kukisia.

Watu husahau pia mayai yasiyoonekana. Mayonesi, keki, aiskrimu na tambi hutengenezwa kwa mayai ya maji au ya unga yanayosafirishwa kutoka mbali. Hoteli inaweza kuwa makini na yai la kukaanga linaloonekana kwenye sahani, huku ndoo ya mayonesi jikoni ikiwa imejaa mayai ya vizimba. Unilever ililishughulikia jambo hilo mapema kwa mayonesi yake ya Hellmann's katika Ulaya Magharibi, na nadhani ndiko kunakostahili kuangaliwa kwanza, kwa kuwa kiwanda kimoja kikibadilika, maelfu ya jikoni yanabadilika bila kujua.

Mkulima wa Nakuru

Ndugu Mnunuzi, umeligusa lililo moyoni mwangu. Huku kwetu makampuni yakitaka mayai huuliza mambo mawili, bei na idadi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuku wangu wanalala wapi. Nimefuga kwa maranda tangu nilipoanza, na majirani zangu wawili wamehamia kwenye vizimba kwa mkopo wa chama cha akiba. Sasa wanaponishauri niwafuate, nitawajibu nini? Kwamba kuna tangazo la Marekani?

Tena nina swali. Je, mayai hayo yanayosifiwa ni ya kuku wanaotoka nje na kuota jua? Maana wangu hawatoki, naogopa mwewe na kideri.

Banda la Kisarawe (mleta mada)

Mkuu wa Nakuru, swali lako ni muhimu sana, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotoshwa.

La, kutofungiwa kizimbani hakumaanishi kutoka nje. Banda kubwa la Marekani lenye maelfu ya kuku ambao hawajawahi kuliona jua linahesabika kuwa halina vizimba, mradi kuku wanatembea ndani yake na wana viota na fito. Katika Umoja wa Ulaya tofauti hii hupigwa muhuri kwenye ganda lenyewe. Tarakimu ya kwanza ya muhuri ikiwa 3 ni kizimba. 2 ni kuku wa ndani ya banda asiye kizimbani. 1 ni kuku anayetoka nje, na sheria inataka awe na mita 4 za mraba za eneo la nje. 0 ni ufugaji wa kilimo hai. Baada ya tarakimu hiyo hufuata herufi za nchi na namba ya shamba. Mnunuzi akiwa ameshika yai moja dukani anaweza kujua limetoka banda lipi.

Kwa kipimo hicho, wewe uko kwenye namba 2 kwa namna ya ufugaji, ilimradi huwabani kuku kupita kiasi. Kiwango cha Ulaya ni kuku 9 kwa kila mita ya mraba ya eneo wanaloweza kulitumia. Majirani zako wamekopa ili watoke huko waende namba 3.

Unachokosa ni ushahidi na mkataba. Mimi naona kampuni yoyote yenye ahadi ya dunia nzima inayofanya biashara Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali inapaswa kuulizwa wazi: umeandikiana na wafugaji gani, kwa bei ipi, kwa muda gani, na nani anakwenda kukagua? Ikiwa haina jibu, basi haijaanza kutekeleza, hata kama tovuti yake ina ukurasa mzuri wenye picha ya kuku kwenye majani.

Hesabu Kwanza

Mkuu, nimekuelewa kuhusu wanunuzi wawili, na hapo naafiki. Bado nina mashaka na kitu kimoja. Mkataba unataka idadi ya uhakika kila wiki. Mfugaji wa kuku mia tatu hataweza kumlisha mteja mkubwa, na ugonjwa ukiingia mara moja, mkataba umekufa. Homa ya mafua ya ndege ilipoipiga Marekani mwaka 2022 iliangamiza zaidi ya kuku milioni 40 wa mayai ndani ya mwaka mmoja, walio vizimbani na walio huru, na bei ikalipuka. Mwaka 2025 ikapanda tena hadi jimbo la Nevada likasitisha kwa muda sheria yake ya mayai yasiyo ya vizimba. Wale wana ruzuku na fidia. Sisi je?

Mnunuzi wa Unguja

Ndugu, kwa hoteli ya ukubwa wa kati hatuzungumzii mamilioni. Vikundi vya wafugaji watano au sita walio karibu, wanaoingiza vifaranga kwa kupishana ili mmoja anapobadilisha kundi wengine wawe wanataga, wanaweza kumudu. Ninachokihitaji mimi kama mnunuzi ni trei isiyochanganywa, yenye alama ya banda na tarehe, daftari la chanjo na la idadi ya mayai kwa siku, na ruhusa ya kufika bandani bila kutoa taarifa. Mfugaji naye ana haki ya kudai kwangu bei iliyofungwa kwa kipindi chote cha kundi, kipengele kinachoruhusu bei kupanda pale mahindi na mashudu yanapopanda, na malipo yasiyocheleweshwa miezi. Hilo la mwisho nalisisitiza, kwa kuwa nimeona wafugaji wazuri wakirudi kwa mchuuzi kwa sababu tu yeye hulipa papo hapo.

MamaMaranda

Nimesoma tangu mwanzo na naomba msaada wa daktari. Mimi ni mmoja wa hao waliokopa. Vizimba vyangu vina kuku wanaotaga sasa hivi, na baada ya kusoma hapa nimejiuliza kama niwafungulie wote wiki hii. Shamba lina banda la zamani la sakafu ya saruji.

DaktariMifugo

Mama, usiwafungulie wiki hii.

Kuku aliyelelewa kizimbani hajui kupanda fito, hajui kiota ni nini, na mifupa yake ni dhaifu; ukimtoa ghafla atavunjika, atadonolewa na kuku asiowazoea, na mayai mengi yatatagwa pembeni mwa ukuta. Kundi hili limalizie, ukipunguza idadi kwenye kila kizimba kadiri uwezavyo. Kundi linalofuata ndilo uliingize sakafuni, na uhakikishe vifaranga wamelelewa sakafuni tangu wadogo, wenye fito za chini kuanzia wiki za mwanzo, ili wafikapo umri wa kutaga wawe wameshajua kuruka na kutua.

Banda lile la zamani ulioshe kwa dawa, lipumzike likiwa tupu, kisha weka maranda makavu. Unyevu huanzia kwenye vinywesheo, kwa hiyo viinue hadi usawa wa mgongo wa kuku na ugeuze maranda ya eneo hilo kila siku. Viota viwe na kivuli, viwekwe kabla hawajaanza kutaga, na kila yai la sakafuni liokotwe mapema asubuhi, kwa sababu kuku akiliona yai pembeni huchukulia kwamba pale ndipo pa kutagia.

Kuhusu mkopo, zungumza na waliokukopesha kabla ya kuviuza vizimba, maana mara nyingi ndivyo vilivyowekwa kuwa dhamana.

MamaMaranda

Nimekuelewa, daktari. Ndugu Mnunuzi, naomba unitumie ujumbe wa faragha kuhusu lile daftari; nitaanza kulijaza kwa kundi hili hili la vizimbani ili kundi lijalo litakapoanza kutaga niwe nimeshazoea kuandika.